Mahakama, mgomo, darasa au kura: njia nne za Walatino wa Marekani zikilinganishwa

Mtu anayeanza kusoma jinsi Walatino wa Marekani walivyodai haki zao za kiraia hukutana kwanza na jina la César Chávez, kiongozi wa wafanyakazi wa mashambani, na mgomo wa zabibu, na wengi huishia hapo hapo. Si vibaya kuanzia hapo. Lakini anayesoma kwa lengo la kujifunza mbinu, awe mwalimu anayeandaa somo, kiongozi wa chama cha wahamiaji au mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, atakuwa ameiona njia moja tu kati ya nne zilizofuatwa karibu wakati mmoja na watu ambao mara nyingine hata hawakuelewana. Wako waliokwenda mahakamani, wako waliogoma mashambani, wako wanafunzi waliotoka madarasani, na wako waliozunguka nyumba kwa nyumba wakiandikisha wapiga kura. Makala hii inaziweka njia hizo ubavu kwa ubavu ili msomaji aamue ipi aisome kwanza na, kama ana dai lake mwenyewe, ipi inafanana zaidi na hali yake.

Kipimo changu si umaarufu. Ninauliza nani amekishika kile kinachodaiwa, na wanaodai wana kitu gani wanachoweza kumnyima mtu huyo. Mengine yote, pamoja na muda na fedha, hufuata majibu ya maswali hayo.

Kabla ya kulinganisha, jambo moja la nyuma ni lazima lieleweke. Mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa mwaka 1848, uliomaliza vita kati ya Marekani na Meksiko, uliwapa uraia Wameksiko waliobaki upande wa kaskazini wa mpaka mpya, na kwa kuwa uraia wa enzi zile ulikuwa wa weupe, kisheria walihesabiwa kuwa weupe. Wapuerto Riko nao walipewa uraia mwaka 1917. Kwa hiyo wengi wa watu tunaowazungumzia hapa hawakuwa wakidai uraia, bali walikuwa raia waliokataliwa kwenye milango ya shule, mikahawa na mabwawa ya kuogelea, mara nyingi bila sheria yoyote iliyoandikwa kuamuru wakataliwe. Hali hiyo ya kubaguliwa kwa desturi badala ya sheria ndiyo iliyofanya njia ya mahakama iwe na sura ya pekee.

Mahakama

Wakati Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa bado inaendelea, Gonzalo Mendez na mkewe Felicitas, yeye mzaliwa wa Meksiko na mkewe wa Puerto Rico, walikodi shamba la asparaga na mboga huko Westminster, katika jimbo la California. Shamba lilikuwa mali ya familia ya Munemitsu, Wamarekani wenye asili ya Japani waliokuwa wamehamishiwa kwa nguvu katika kambi ya Poston, Arizona. Shangazi wa watoto wa Mendez aliwachukua pamoja na wa kwake kwenda kuwaandikisha katika shule ya mtaa huo. Watoto wake, ambao walikuwa na ngozi nyeupe zaidi na jina la ukoo, Vidaurri, lisilosikika kuwa la Kimeksiko, walipokelewa. Wa Mendez waliambiwa waende Hoover, shule ya Wameksiko, jengo dogo la mbao jirani na malisho ya ng'ombe. Shangazi akaondoka na watoto wote, wa kwake pia, na kesi ikaanzia hapo.

Mendez aliungana na wazazi wengine wanne na mwezi Machi 1945 wakazishtaki wilaya nne za shule katika Mahakama ya Shirikisho huko Los Angeles, kwa niaba ya watoto wapatao 5,000. Wakili wao, David Marcus, alitumia jambo lililokuwa wazi lakini halijazingatiwa: sheria ya California ya wakati huo iliruhusu kutengwa kwa watoto wa Kihindi wekundu, Wachina na Wajapani, lakini haikuwataja Wameksiko hata kidogo. Wilaya zilijitetea kwamba watoto hao walitengwa kwa kuwa hawakujua Kiingereza. Binti wa miaka 14 akapanda kutoa ushahidi na kujibu maswali yote kwa Kiingereza fasaha. Mkuu wa shule za Garden Grove naye alieleza mahakamani, bila kusitasita, kwamba watoto wa Kimeksiko walikuwa duni kwa usafi na uwezo. Utetezi wa aina hiyo humsaidia mlalamikaji kuliko wakili wake. Jaji Paul McCormick aliwapa wazazi ushindi mwezi Februari 1946, Mahakama ya Rufaa ikauthibitisha Aprili 1947, na miezi miwili baadaye Gavana Earl Warren alitia saini sheria iliyofuta utengano wote uliokuwa umebaki katika vitabu vya sheria vya elimu vya California.

Ukitaka kuona nguvu ya njia hii, angalia idadi ya watu waliohitajika. Ilikuwa familia tano, wakili mmoja, na mkulima aliyeacha shamba mikononi mwa mkewe ili azunguke kutafuta mashahidi. Hapakuhitajika umati wala mgomo, na wadai hawakuwa na haja ya kupendwa na majirani zao. Kwa wachache wanaoishi katikati ya wengi wasiowataka, hiyo ni faida kubwa.

Kesi ya pili inaonyesha faida hiyo pamoja na gharama yake. Mwaka 1951, huko Edna, mji mdogo wa Kaunti ya Jackson, Texas, mfanyakazi wa shambani aitwaye Pete Hernandez alishtakiwa kwa mauaji. Mawakili wake, wakiwemo Gus Garcia na Carlos Cadena, hawakujenga rufaa yao juu ya madai kwamba hakuua. Walidai kwamba juri, yaani raia wa kawaida wanaoketi kuamua kama mshtakiwa ana hatia, haikuwa ya haki, kwa sababu katika kaunti ambayo asilimia 14 ya wakazi walikuwa na majina ya Kimeksiko au ya Amerika ya Kilatini, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuketi kwenye juri kwa miaka 25. Texas ilijibu kwamba Wameksiko ni weupe na juri ilikuwa ya weupe, kwa hiyo ubaguzi uko wapi? Mawakili wakaionyesha mahakama mji ulivyo. Mkahawa mmoja uliweka tangazo kwamba Wameksiko hawahudumiwi. Na katika uwanja wa mahakama yenyewe palikuwa na vyoo viwili vya wanaume: kimoja hakikuwa na maandishi, cha pili kiliandikwa kwa Kiingereza kuwa ni cha wanaume weusi, na chini yake kwa Kihispania, "Hombres Aquí", wanaume hapa. Tarehe 3 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kauli moja, iliamua kwamba ulinzi sawa wa Marekebisho ya 14 ya Katiba haukuwahusu weupe na weusi peke yao. Aliyeandika uamuzi alikuwa Earl Warren yule yule, sasa akiwa Jaji Mkuu, na wiki mbili baadaye alitangaza uamuzi wa Brown uliopiga marufuku utengano wa weusi na weupe mashuleni.

Pete Hernandez mwenyewe alishtakiwa upya mbele ya juri nyingine, na akapatikana tena na hatia. Anayechagua njia hii anapaswa kulifahamu hilo mapema: mahakama hutoa kanuni kwa wote, lakini mwenye kesi anaweza kuondoka mikono mitupu. Gharama nyingine ni ya maneno. Ili wasikilizwe, mawakili wa miaka hiyo na vyama kama LULAC (Ligi ya Raia wa Kilatini wa Marekani), kilichoanzishwa Corpus Christi mwaka 1929 kwa ajili ya raia wa Marekani tu, mara nyingi walijenga hoja kwamba Wameksiko ni weupe na kwa hiyo hawastahili kutengwa kama weusi. Hoja ilifanya kazi, kisha ikawarudia. Wilaya kadhaa za Texas zilipoamriwa kuchanganya wanafunzi ziliwachanganya weusi na Wameksiko, zikawaacha weupe wengine katika shule zao, na kudai kwamba amri imetekelezwa kwa kuwa Wameksiko ni weupe. Ilibidi wazazi wa Corpus Christi warudi mahakamani na kupata, mwaka 1970, uamuzi kwamba wao ni kundi linalobaguliwa kwa jina lake lenyewe. Anayeingia mahakamani huzungumza lugha ambayo jaji yuko tayari kuisikia, na lugha hiyo hudumu muda mrefu kuliko kesi.

Mgomo na kususia

Hapa mshika ufunguo si jaji bali mwenye shamba, na sheria haikuwa upande wa mfanyakazi. Sheria ya Taifa ya Mahusiano Kazini ya mwaka 1935, iliyowapa wafanyakazi wa viwandani haki ya kuunda vyama na kulindwa wakigoma, iliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani. Mpango wa Bracero, ulioleta vibarua wa mkataba kutoka Meksiko tangu 1942 hadi 1964, uliwapa wenye mashamba akiba ya mikono mingine kila wenyeji walipodai nyongeza. Kumshtaki mwajiri kwa kuvunja sheria ambayo haipo ni kazi bure. Hivyo kilichobaki ni kumnyima jasho.

Mgomo wa zabibu wa Delano, mji wa mashamba huko California, haukuanzishwa na Chávez, na anayesoma historia hii asikubali kuambiwa hivyo. Ulianzishwa tarehe 8 Septemba 1965 na wafanyakazi Wafilipino wa chama cha AWOC chini ya Larry Itliong, wengi wao wanaume wa makamo waliokuwa wamehama shamba hadi shamba kwa miongo kadhaa, na dai lao lilikuwa dola 1.40 kwa saa. Wenye mashamba wakakata gesi, umeme na maji katika kambi zao. Mbinu ya zamani ilijulikana: Wafilipino wakigoma huletwa Wameksiko, Wameksiko wakigoma huletwa Wafilipino. Chama cha Chávez na Dolores Huerta, kilichoundwa Fresno mwaka 1962, kilikuwa bado kichanga na Chávez aliona kinahitaji miaka kadhaa zaidi kabla ya kugoma. Lakini kukaa pembeni kungekuwa sawa na kuvunja mgomo wa wenzao. Tarehe 16 Septemba, siku ya uhuru wa Meksiko, wanachama walikutana katika ukumbi wa kanisa na kupiga kura ya kujiunga. Mwaka uliofuata vyama hivyo viwili viliungana na kuzaa kile kinachojulikana leo kama UFW (United Farm Workers), yaani Muungano wa Wafanyakazi wa Mashambani.

Mgomo peke yake ulishindwa kuwabana wenye mashamba, kwa sababu wavunja mgomo hawakuisha na mahakama za kaunti zilitoa amri za kuwazuia wagomaji kukusanyika. Kilichobadilisha hali ni kuhamisha mapambano kutoka shambani kwenda dukani. Kampuni ya pombe ya Schenley, ambayo jina lake lilisomeka kwenye kila chupa, ilikubali kukitambua chama mapema mwaka 1966, wakati waandamanaji walikuwa bado njiani kutoka Delano kwenda Sacramento, safari ya siku 25 iliyoishia Jumapili ya Pasaka. Kampuni ya Giumarra ilikuwa ngumu zaidi, kwani iliuza zabibu za kula, na iliposusiwa ilianza kutumia lebo za wenzake. Chama kikajibu kwa kususia zabibu zote za California bila kujali lebo. Familia za wagomaji, ambazo nyingine hazikuwahi kuvuka mpaka wa jimbo, zilitumwa New York, Chicago, Boston na miji mingine kusimama nje ya maduka na kuwaomba akina mama wa nyumbani wasinunue.

Kuna kinaya hapa ambacho binafsi nakiona kuwa ndicho kiini cha somo la Delano. Tangu mwaka 1947 vyama vya wafanyakazi vilipigwa marufuku kulisusia duka kwa sababu tu linauza bidhaa ya mwajiri mwenye ugomvi. Lakini marufuku hiyo ilikuwa sehemu ya sheria ile ile iliyowaacha nje wafanyakazi wa mashambani. Kwa kunyimwa ulinzi wa sheria waliepuka pia makatazo yake, wakatumia silaha ambayo wafanyakazi wa viwanda vya magari hawakuruhusiwa kuigusa.

Tarehe 29 Julai 1970 wenye mashamba wa Delano, Giumarra akiwa miongoni mwao, walitia saini mikataba iliyoanzia dola 1.80 kwa saa, yenye mfuko wa matibabu na masharti kuhusu dawa za kuua wadudu. Ilikuwa imepita karibu miaka mitano. Waliogoma siku ya kwanza si wote waliokuwepo siku ya mwisho.

Na ushindi wenyewe ulidumu kwa muda gani? Miaka mitatu. Mikataba ilipokwisha mwaka 1973, wengi wa wenye mashamba walikwenda kusaini na Teamsters, chama kikubwa cha madereva wa malori, bila kuwauliza wafanyakazi, na katika mgomo wa kiangazi hicho watu wawili wa UFW waliuawa, mmoja wao Nagi Daifallah, kijana mhamiaji kutoka Yemen. Sheria ya California ya mwaka 1975 iliwapa wafanyakazi wa mashambani haki ya kuchagua chama kwa kura ya siri, jambo ambalo bila ile miaka mitano lisingefikiriwa. Hata hivyo chama chenyewe kilianza kujitafuna ndani: Itliong alikuwa amejiuzulu mwaka 1971 akiona Wafilipino wamesahauliwa, na mwishoni mwa muongo huo viongozi na wafanyakazi wa kujitolea wengi walifukuzwa au waliondoka. Pia uhusiano wa chama na wahamiaji wasio na hati ulikuwa mbaya katika miaka hiyo, hata watu wake wakalinda mpaka wa Arizona mwaka 1974 kuwazuia wasivuke kuja kuvunja mgomo. Anayeisimulia Delano kama hadithi ya malaika humnyima msikilizaji sehemu yenye mafunzo mengi zaidi.

Ukilinganisha na mahakama, kususia kunahitaji watu wengi walio tayari kulala njaa, na bidhaa ambayo mnunuzi wa mbali anaweza kuiacha bila kuumia. Zabibu zilifaa. Saladi, iliyogombewa huko Salinas kuanzia 1970, ilikuwa vigumu zaidi kumshawishi mtu aiache mezani.

Madarasa na barabara

Njia ya tatu ina kasi kuliko zote na hulipwa na vijana. Mwezi Machi 1968 maelfu ya wanafunzi wa shule za sekondari za mashariki mwa Los Angeles, zikiwemo Garfield, Roosevelt, Lincoln, Wilson na Belmont, walitoka nje ya madarasa yao. Ilikuwa miaka 21 tangu ushindi wa Mendez, na katika shule hizo wanafunzi wengi mno waliacha masomo kabla ya kuhitimu. Madai yao, yaliyofikia 36 yalipowasilishwa kwa bodi ya elimu, yalichanganya makubwa na madogo: historia ya Wameksiko ifundishwe, walimu wanaowadharau waondolewe, ufundishaji uwe wa lugha mbili, asiadhibiwe mtu kwa kuzungumza Kihispania, na vyoo visifungwe kufuli wakati wa chakula cha mchana. Dai hilo la mwisho, kwangu, linaeleza hali ya shule zile kuliko takwimu.

Walikuwa na nini cha kumnyima mwenye shule? Mahudhurio. Jimbo lilizilipa shule kwa kufuata idadi ya wanafunzi waliokuwepo kila siku, na mwalimu wao Sal Castro na vijana waliopanga mgomo walilijua hilo, kwa hiyo kila kiti kitupu kilikuwa hasara ya fedha. Mbinu ilikuwa na akili, ila bodi ilikubali kusikiliza kuliko kutekeleza, ikajibu madai mengi kwamba hakuna fedha. Watu 13, akiwemo Castro, walikamatwa na kushtakiwa kwa njama ya uhalifu, na mashtaka hayo hayakufutwa hadi 1970. Castro alirudishwa darasani baada ya wazazi na wanafunzi kukalia ofisi za bodi. Mwaka huo wa 1970, tarehe 29 Agosti, makumi ya maelfu ya watu waliandamana mashariki mwa Los Angeles kupinga vita vya Vietnam, polisi wakawavamia, na mwandishi wa habari Ruben Salazar akauawa ndani ya mkahawa kwa kombora la gesi ya machozi lililofyatuliwa na askari.

Upande wa pili wa nchi, Wapuerto Riko wa New York waliojiita Young Lords walitumia barabara kwa namna tofauti. Kiangazi cha 1969, walipoona takataka hazizolewi katika mitaa ya East Harlem, waliomba mafagio kwa idara ya usafi ya jiji, wakanyimwa, wakarundika takataka katikati ya barabara kuu na kuzichoma moto hadi zikazolewa. Julai 1970 waliingia na kukalia kwa saa kadhaa Hospitali ya Lincoln huko Bronx, jengo ambalo jiji lenyewe lilikuwa limeshakiri halifai, na hospitali mpya ilifunguliwa mwaka 1976. Walikuwa wachache, wa umri mdogo, na wenye kipaji cha kumfanya mwandishi wa habari aje. Kikundi kiliparaganyika ndani ya miaka michache.

Nikiulizwa, njia hii inafaa pale ambapo aibu ya hadharani inauma kuliko gharama ya kurekebisha, na pale ambapo kuna wakili na wazazi tayari kusimama nyuma ya vijana siku ya pili. Peke yake huzaa wasomi na viongozi wa baadaye zaidi ya inavyozaa vyoo visivyo na kufuli.

Sanduku la kura

Njia ya nne haina picha nzuri, na pengine ndiyo sababu husimuliwa mwisho. Crystal City, mji wa kusini mwa Texas uliojiita makao makuu ya mchicha duniani na kumwekea sanamu Popeye, baharia wa katuni anayekula mchicha, ulikuwa na wakazi wengi wenye asili ya Meksiko, takriban wanne katika kila watano, na baraza la mji la weupe. Mwaka 1963, wakati ilibidi mtu alipe kodi ya dola 1.75 ili aruhusiwe kupiga kura, chama cha Teamsters, kikiwa na matawi katika kiwanda cha mboga cha Del Monte, kilisaidia kampeni iliyowaingiza Wameksiko watano katika baraza na kuchukua viti vyote. Walishindwa miaka miwili baadaye. Desemba 1969 wanafunzi waligoma kwa sababu shule iliweka ukomo wa wasichana washangiliaji, mmoja tu wa Kimeksiko kati ya wanne, katika shule ambayo wengi walikuwa Wameksiko. Safari hii mwanaharakati kijana José Ángel Gutiérrez na wenzake hawakuishia kwenye madai. Mwezi uliofuata waliunda chama cha La Raza Unida, na Aprili 1970 walishinda viti vya bodi ya shule na vya baraza. Walimu, wakuu wa shule na mitaala vilibadilika ndani ya mwaka mmoja, mambo ambayo wanafunzi wa Los Angeles waliyaomba bila kupewa, kwa sababu hapa waliodai ndio waliokaa mezani.

Mgombea wa chama hicho kwa ugavana wa Texas mwaka 1972 alipata asilimia 6 ya kura, na kufikia 1978 chama kilikwisha. Crystal City yenyewe ilijifunza kwamba baraza halina mamlaka juu ya bomba: mji ulipokataa kulipa bei iliyopandishwa ya gesi, kampuni ilikata gesi mwaka 1977, na wakazi wakarudi kwenye kuni na mitungi.

Willie Velásquez wa San Antonio, aliyekuwa mmoja wa vijana wa kundi la mwanzo la Gutiérrez, alichukua somo tofauti. Mwaka 1974 alianzisha mradi wa kuandikisha wapiga kura wa kusini magharibi, usioegemea chama chochote. Kaulimbiu yake ilikuwa "Su voto es su voz", kura yako ni sauti yako. Kazi ilikuwa ya kuchosha: kuhesabu nani hajaandikishwa katika kila mtaa, kuuliza watu lami yao iko wapi na mfereji wao unafurika lini, kisha kuwaonyesha ni diwani gani anayeamua. Hadi alipofariki mwaka 1988 mradi ulikuwa umeendesha kampeni zaidi ya 1,000. Mawakili walimfungulia milango. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1973 katika kesi ya White dhidi ya Regester ulivunja majimbo makubwa ya uchaguzi yaliyozamisha kura za Wameksiko katika kaunti ya San Antonio na za weusi huko Dallas, na mwaka 1975 Bunge la Marekani lilipanua Sheria ya Haki ya Kupiga Kura iwalinde wazungumzaji wa Kihispania. San Antonio ilianza kuchagua madiwani kwa kata mwaka 1977, na mwaka 1981 ikamchagua Henry Cisneros kuwa meya.

Ipi uchague

Mwalimu mwenye vipindi viwili na darasa la vijana achukue mgomo wa wanafunzi wa 1968, kwani wasikilizaji wake watajiona ndani yake, mradi asiache kutaja waliokamatwa. Mwenye muhula mzima achukue Delano, kwa sababu ndani yake kuna uchumi, sheria, dini, ushirikiano wa makabila na kushindwa kwa uongozi, vyote katika mji mmoja. Mwanasheria, au mtu wa jamii ndogo iliyozungukwa, aanze na Mendez na Hernandez. Wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Marekani wana sababu ya karibu zaidi ya kuifahamu njia hiyo: uamuzi wa Plyler dhidi ya Doe wa mwaka 1982, uliopiganiwa na mawakili wa MALDEF, shirika la utetezi wa kisheria la Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kwa ajili ya watoto wa Kimeksiko huko Tyler, Texas, ndio unaozuia shule ya umma kumkataa mtoto yeyote kwa kukosa hati za uhamiaji, awe ametoka Meksiko au Kongo. Na kiongozi wa jamii iliyo wengi katika eneo lake lakini haina kauli asipoteze muda na njia nyingine kabla hajahesabu wapiga kura wake. Hapo naona Velásquez anasomwa kidogo kuliko anavyostahili, na Chávez anasomwa mara nyingi bila mikataba ya 1973.

Anayetaka kisa kimoja kinachoonyesha njia zikipokezana aichukue wilaya ya shule ya Edgewood, magharibi mwa San Antonio. Mei 1968 wanafunzi wapatao 400 walitoka darasani na kwenda ofisi ya msimamizi wa shule kulalamikia madirisha yaliyovunjika na walimu wasio na sifa. Wazazi wakafuatilia na kugundua kwamba tatizo halikuwa uvivu wa wilaya. Edgewood ilijitoza kodi ya dola 1.05 kwa kila dola 100 za thamani ya mali na kupata dola 26 kwa mwanafunzi, wakati wilaya tajiri ya Alamo Heights, katika jiji lile lile, ilijitoza senti 85 na kupata dola 333. Demetrio Rodriguez na wazazi wenzake walishtaki, wakashinda mahakama ya chini, kisha Machi 1973 wakashindwa katika Mahakama ya Juu ya Marekani kwa kura tano dhidi ya nne. Kwa wengine ingekuwa mwisho. MALDEF ilirudi mwaka 1984 kupitia mahakama za Texas, ikitumia katiba ya jimbo badala ya ile ya taifa, na Oktoba 1989 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Texas walikubali kwamba mfumo huo haukuwa halali. Watoto wa Rodriguez walikuwa watu wazima. Bunge la jimbo lilijaribu zaidi ya mara moja kutunga sheria iliyokubalika, na ile ya mwaka 1993, inayozitaka wilaya tajiri kugawana sehemu ya kodi zao na nyingine, ndiyo iliyosimama mahakamani.